Dreni za kokoto kati ya paili, godauni Bahi: zinasaidia kweli tetemeko likipiga au ni hela ya kutupa?

BintiWaSaiti

Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa misingi na udongo mnisaidie maana kuna kikao cha saiti Jumatatu na mimi ndo nabeba ripoti, na sitaki kukaa pale naitikia tu vitu nisivyovielewa.

Mimi ni fundi sanifu, tupo upande wa Bahi, tunajenga godauni la mpunga la chama cha wakulima. Jengo lenyewe sio refu ila mzigo ni mkubwa, magunia yakipangwa mpaka juu sakafu inabeba uzito wa kutisha, na saiti ipo pembeni ya korongo, kama mita sitini hivi kutoka kwenye ukingo. Ripoti ya udongo inasema hivi: mita mbili za juu ni mbuga nyeusi, ile inayopasuka kiangazi. Kutoka mita 2 mpaka 9 ni mchanga, na mchanga wenyewe umelegea, namba za SPT (kipimo cha kugonga bomba ardhini na kuhesabu mapigo, namba ndogo maana yake udongo umelegea) ni 6, 8, 7, hazivuki 11. Chini ya hapo ni changarawe ya granaiti iliyooza na namba zinapita 50. Maji waliyakuta mita 2.5 kutoka juu, walipima mwezi wa tatu.

Konsalta ameweka paili za zege za kuchimba, yaani nguzo za msingi zinazoshuka ardhini, kipenyo milimita 400, zinashuka mita 13. Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi umeanza kwenye mchoro wa pili, kaweka dreni za wima za kokoto kati ya paili eneo lote, kila moja mita 1.5 kutoka kwa mwenzake, anasema ni za kuzuia udongo usiyeyuke wakati wa tetemeko. Wenye mradi wamekuja juu, wanasema Dodoma ni ukame, maji yanatoka wapi, tetemeko linatoka wapi, na paili si zimeshafika kwenye mwamba? Wanataka dreni zote zifutwe.

Maswali yangu: moja, dreni inasaidiaje paili ambayo tayari imekaa kwenye tabaka gumu? Mbili, si bora hiyo hela tuongeze nondo na unene wa paili? Na kuna kitu nimekiona mwenyewe kwenye michoro nikakitilia shaka, chini ya sakafu wametandika nailoni nzito eneo lote na juu yake zege, sasa hayo maji ya kwenye dreni yakipanda yanaenda wapi? Au mimi ndo sijaelewa?

Mstaafu_Area_C

Hujambo mwanangu. Hilo la nailoni nitalirudia mwishoni maana umeliona vizuri sana, na nakwambia kabisa, ukienda na hilo moja tu kwenye kikao utakuwa umewasaidia.

Tuanze na udongo wenyewe. Mchanga uliolegea unabeba jengo kwa sababu punje zinagusana, uzito unapita punje kwa punje mpaka chini. Sasa wewe umekaa na wakulima, umeona mtu anavyopima mpunga kwenye debe, akiligonga gonga punje zinashuka debe linapungua. Mchanga nao ukitikiswa unataka kushuka hivyo hivyo, ujibane. Ukiwa mkavu unashuka na yanaisha. Ukiwa umejaa maji, zile nafasi kati ya punje zina maji, na maji hayabanwi, ili punje zishuke lazima maji yatoke kwanza, na tetemeko halikupi muda, linatikisa mara nyingi ndani ya sekunde chache. Kwahiyo uzito uliokuwa kwenye punje unahamia kwenye maji, presha ya maji inapanda kila mtikisiko, inapanda, inapanda, mpaka inalingana na uzito wote wa udongo uliopo juu. Hapo punje hazigusani tena kwa nguvu yoyote. Mchanga uliokuwa unasimama unaanza kutiririka. Ndo kuyeyuka kwenyewe huko.

Dreni inaingia hapo. Haizuii tetemeko na haiongezi nguvu ya paili, kazi yake ni kuyapa maji njia fupi ya kukimbilia. Badala ya maji kupanda mita saba kwenda juu na kukuta mbuga imeziba, yanakimbia kwa ubavu chini ya mita moja yanaingia kwenye kokoto yanapanda kwa raha. Presha haifiki kwenye kilele. Wanaopiga hesabu wanaangalia uwiano wa presha ya ziada ya maji na uzito ambao punje zilikuwa zimebeba kabla ya mtikisiko, ukifika 1 ndo umeyeyuka, na wengi wanalenga ubaki kwenye 0.5 au 0.6 hivi. Watafiti wa udongo Seed na Booker walitoa chati za kupanga umbali wa dreni za kokoto mwaka 1977 na mpaka leo watu wanaanzia hapo hata kama baadaye wanatumia kompyuta.

Sasa paili. Paili yako ina mita saba za mchanga ambazo zinaishika pembeni. Ukiyeyuka, unapoteza vitu viwili kwa pamoja, msuguano wa ubavuni unaobeba sehemu ya mzigo, na ule ushikaji unaoizuia isiyumbe. Nguzo nyembamba ya milimita 400 ambayo ilikuwa imefungwa na udongo pande zote ghafla inasimama kwenye kimiminika mita saba, huku juu ina mzigo wa magunia na jengo linayumba. Kuwa kwenye mwamba chini hakukusaidii kitu kwa hilo.

MkandarasiKizota

Wakuu na heshima zote kwa mzee hapo juu, ila mimi nipo kwenye kazi hizi miaka na miaka na nasema wazi, mambo mengine tunayakopi kutoka Japani bila kuangalia tupo wapi. Dodoma hii ukichimba kisima unaenda mita ngapi mpaka upate maji? Wenye mradi wana hoja. Kama kuna wasiwasi weka paili ya 600, weka nondo za kutosha, weka mihimili ya kufunga vichwa vya paili, maliza. Zege unaliona, unalipima kwa mashine ya kukandamiza ya maabara, linakaa. Dreni iliyo chini ya ardhi nani atajua miaka ishirini ijayo kama inafanya kazi au imejaa tope? Mimi nafikiria hela za wakulima hapa, sio kwamba napinga elimu.

KijanaWaBahiSokoni

Mkandarasi usiseme Dodoma yote ni moja kaka. Mimi nimezaliwa Bahi. Kule mjini kwenye miamba sawa, utachimba mpaka uchoke. Huku kwetu ni bondeni, mto Bubu unamwaga maji kwenye mbuga ya Bahi na ndo maana mpunga unalimwa. Masika ikikolea kuanzia Januari mpaka Machi Aprili kuna sehemu unakanyaga na maji yanakuja juu yenyewe.

Na hata kiangazi, nenda korongoni mwezi wa tisa, juu mchanga mkavu unaunguza miguu, ila utakuta kina mama wamechimba visima vya mchanga, wameinama na kibuyu au kikombe wanachota taratibu wanajaza ndoo, na ng'ombe wanasubiri pembeni. Maji yapo kiunoni tu hapo chini. Sasa mtu atanambia hakuna maji kwenye huo mchanga?

Afu dada umesema mita sitini kutoka ukingoni. Hilo korongo kila masika linakula ukingo, mimi nimeona miti iliyokuwa mbali na maji sasa ipo inaning'inia. Muulizeni konsalta kama amepima na hilo.

Maabara_ya_Udongo

Asante kijana wa Bahi, umesema kitu cha muhimu kuliko unavyodhani, narudi kwenye ukingo sasa hivi.

Mkandarasi, swali lako la paili nene ni swali halali na lina majibu yaliyolipiwa kwa gharama kubwa. Niigata, Japani, tarehe 16 Juni 1964, tetemeko la ukubwa wa 7.5 hivi. Watu wengi wanajua zile picha za maghorofa ya mtaa wa Kawagishi-cho yaliyolala ubavu bila hata kuvunjika vizuri. Kinachonigusa mimi ni kingine. Kulikuwa na jengo pale mjini lilikuwa juu ya paili za zege, baada ya tetemeko likainama kidogo, likarekebishwa sakafu, watu wakaendelea kufanya kazi ndani. Miaka kama ishirini baadaye wanachimba kujenga upya wakakuta paili zimevunjika chini kwa chini, zimevunjika sehemu mbili, karibu na juu na karibu na chini ya tabaka lililoyeyuka, na udongo ulikuwa umezisukuma zaidi ya mita moja kwenda upande mmoja. Miaka yote ile watu wapo ofisini juu ya paili zilizokatika.

Kilichozisukuma ni ardhi yenyewe kusogea. Mchanga ukiyeyuka chini ya tabaka gumu, na kukiwa na mteremko hata mdogo wa kutoonekana kwa macho au kuna ukingo wa mto karibu, tabaka la juu linateleza kuelekea kule kwenye uwazi. Na hapo angalia ripoti ya dada: mbuga mita mbili juu, mchanga legevu chini yake, korongo mita sitini. Mbuga iliyokauka ni ngumu kama tofali, ikianza kuteleza inabeba kila paili na kuisukuma. Tetemeko la Kobe, Japani, 1995 ilikuwa hivyo hivyo kwenye maeneo ya bandari, paili ziliharibika sana karibu na kingo za gati. Paili nene inapokea nguvu kubwa zaidi kwa sababu ina uso mpana wa kusukumwa. Inaweza kubeba, ndiyo, wahandisi wanabuni hivyo pia, lakini hela inapanda haraka na godauni zima sakafu yake bado ipo kwenye udongo, maana najua sakafu haijakaa kwenye paili, sivyo dada?

Kuhusu tetemeko linatoka wapi. Jamani tupo kwenye bonde la ufa. Bubu ni mto na pia ni ufa hai, Hombolo pia kuna ufa, eneo hili la Kondoa, Dodoma mpaka Bahi limepimwa na wanajiolojia na nyufa zake zina majina. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa 7.4, hapa hapa Tanzania. Kagera Septemba 2016 lilikuwa 5.9 tu na tulizika watu. Sisemi litakuja kesho. Nasema godauni linajengwa likae miaka hamsini.

BintiWaSaiti

Nashukuru sana wote, nimekaa nasoma huku nalinganisha na ripoti. Ndiyo, sakafu haipo kwenye paili, imekaa juu ya kifusi kilichoshindiliwa. Mbuga itaondolewa chini ya jengo tu, nje inabaki.

Nimerudi kwenye karatasi za maabara nikakuta kitu kingine. Mchanga haufanani wote. Mita 2 mpaka 7 ni mchanga safi, unga laini asilimia 4 mpaka 6. Ila kutoka mita 7.5 mpaka 9 unga laini ni asilimia 28 na wameandika silti isiyo na mnato (udongo wa punje laini kuliko mchanga, usionata). Namba ya SPT pale ni 9. Dreni kwenye mchoro zinapita zote mpaka mita 9. Hii inabadilisha kitu?

Maabara_ya_Udongo

Inabadilisha sana dada, na ndo maana napenda mtu anayesoma karatasi mpaka mwisho.

Ngoja tupige hesabu ya haraka, chukua kalamu. Kasi ya presha kutoka inategemea mambo mawili, udongo unapitisha maji kiasi gani, na udongo unabanika kiasi gani. Mchanga safi kama wako wa juu tuchukulie unapitisha milimita 0.1 kwa sekunde. Ubanikaji wa mchanga legevu tuchukulie 0.00005 kwa kilonyutoni kwa mita ya mraba. Ukigawanya, yaani 0.0001 (ile milimita 0.1 ikiwa kwenye mita) gawanya kwa 0.00005 mara uzito wa maji 9.81, unapata karibu 0.2 mita za mraba kwa sekunde. Dreni zipo mita 1.5, kwahiyo punje ya katikati ipo kama sentimita 75 kutoka kwenye dreni. Zidisha 0.75 kwa 0.75, gawanya kwa 0.2, unapata kama sekunde 3. Mtikisiko mkali wa tetemeko la ukubwa wa 6 na kidogo unachukua labda sekunde 10 mpaka 20. Sekunde 3 zipo ndani. Presha inapanda huku inatoka, inakuwa haikusanyiki. Dreni inafanya kazi.

Sasa nenda kule chini kwenye silti. Unga laini asilimia 28, upitishaji unaweza kushuka mara mia, tuseme milimita 0.001 kwa sekunde. Hesabu ile ile inakupa sekunde 280, karibu dakika tano. Tetemeko limeshapita watu wameshatoka nje. Dreni pale haizuii kuyeyuka. Itasaidia presha ishuke mapema baadae, hilo ni kweli, lakini kwa ajili ya kukinga paili wakati inatikiswa usiihesabu.

Na hii hesabu ni ya kushikia tu, kwa sababu udongo ukikaribia kuyeyuka unabanika zaidi na muda unarefuka. Ila inakuonyesha kitu kimoja ambacho wenye mradi wanatakiwa kukielewa: muda unaenda kwa umbali mara umbali. Mtu akisema tupunguze gharama, tuweke dreni kila mita 3 badala ya 1.5, hajapunguza kinga nusu, amefanya maji yachukue muda mara nne, kutoka sekunde 3 mpaka 12. Hapo umelipia dreni na hujapata kinga. Bora kufuta kuliko kutawanya.

Mstaafu_Area_C

Hapo kwenye kutawanya Maabara nakuunga mkono kwa mikono miwili. Nimeona michoro inapitishwa dreni nusu ili kila mtu aridhike, na hakuna kilichokingwa.

Sasa mwanangu narudi kwenye nailoni kama nilivyokuahidi. Dreni inafanya kazi ikiwa tu maji yana pa kutokea. Ukiziba juu kwa nailoni na zege, kokoto zitajaa, presha inapanda ndani ya dreni yenyewe na unakuwa umejenga mabomba ya kupandisha presha mpaka chini ya sakafu yako. Sakafu itanyanyuka na kupasuka. Kinachotakiwa ni tandiko la kokoto juu ya vichwa vyote vya dreni, sentimita thelathini mpaka hamsini, linatoka nje ya kuta na kufika kwenye mtaro ulio wazi, na mtaro huo usizibwe na kifusi cha watu wa mandhari baadae. Nailoni ya kuzuia unyevu wa mpunga weka juu ya tandiko, sio tatizo, maadamu tandiko lenyewe lina njia ya pembeni. Muulize konsalta mtaro wa kutokea upo mchoro namba ngapi. Kama hana, amesahau, na binadamu husahau, mwambie kwa heshima.

La pili ni kokoto zenyewe. Watu wanadhani kokoto kubwa ndo nzuri kwa sababu maji yanapita. Kokoto kubwa zikikaa na mchanga safi, mchanga unaingia ndani na maji, dreni inajaa na ardhi ya pembeni inabaki na shimo. Ndogo mno nazo hazipitishi. Kuna kanuni ya zamani ya Terzaghi, mtaalamu wa udongo, ukubwa wa zile punje ndogo za kokoto, ile alama ya asilimia 15 (asilimia 15 ya punje ni ndogo kuliko hapo), usizidi mara nne au tano ya punje kubwa za mchanga, ile alama ya asilimia 85, na wakati huo huo usipungue mara nne au tano ya alama ya asilimia 15 ya mchanga. Na kokoto zipitishe maji angalau mara 200 ya mchanga. Zioshwe. Mkandarasi hapo ndo nakuomba, lori la kokoto likija lina vumbi la mashine ya kusaga mawe, lirudi. Vumbi hilo ndo linaloua dreni siku ya kwanza kabla hata tetemeko halijaja, na hapo swali lako la nani atajua miaka ishirini baadae linapata jibu, litajulikana siku ya kushusha kokoto.

MkandarasiKizota

Mzee nimekusikia na hili la kokoto nimelipokea, kweli kokoto zetu nyingi zina vumbi. Na mfano wa zile paili zilizokatika watu wakiwa juu umenikaa vibaya kichwani.

Tuulizane ya kazi basi. Hizo dreni zinawekwaje mchanga ukiwa na maji? Ukichimba shimo mchanga unabomoka. Na paili za dada ni za kuchimba, zege bichi likikutana na nguzo ya kokoto si linakimbilia humo?

Maabara_ya_Udongo

Maswali ya mtu anayefanya kazi hayo. Unashusha bomba la chuma lenye mdomo unaojifunga chini, linashushwa kwa mashine ya kutetemesha, ukifika kina unamimina kokoto ndani huku unapandisha bomba, mdomo unafunguka kokoto zinabaki. Faida yake ya ziada, ule mtetemeko unashindilia mchanga safi unaozunguka, na mara nyingi sehemu kubwa ya kinga inatoka hapo, kwenye kujibana, kuliko kwenye dreni peke yake. Ndo maana baada ya kumaliza unarudia SPT katikati ya dreni, ukikuta ile 7 imekuwa 18 au 20 umeshatoka kwenye hatari nusu ya njia kabla ya maji hata kuguswa.

Kwenye silti hutapata hiyo faida, inatetemeka haijibani.

Mpangilio ni dreni kwanza, paili baadae. Usitetemeshe karibu na zege bichi. Na wasiwasi wako wa zege kukimbia ni wa kweli, kwahiyo paili ikae katikati ya dreni, isigusane nazo, na mchimbaji wa paili atumie bomba la kukinga kuta kupita kwenye mchanga. Tope la bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi wa kushikilia kuta za shimo, nalo likiingia kwenye kokoto limeziba, liangaliwe sana. Kuna nchi wanatumia mabomba ya plastiki yenye matundu yaliyovalishwa kitambaa cha jiotekstaili badala ya kokoto, ni mepesi na haraka, ila hapa kwetu kokoto zipo na mashine yake ni rahisi kupata kuliko hiyo.

KijanaWaBahiSokoni

Na mchanga ukishajibana si ardhi inashuka? Nauliza kwa ajili ya sakafu, maana mpunga wetu unapangwa pale.

Maabara_ya_Udongo

Swali zuri sana ndugu yangu. Ndiyo, dreni haiondoi kushuka. Maji yakitoka, mchanga unashuka kwa kiasi cha maji yaliyotoka. Mchanga legevu ulioyeyuka unaweza kushuka asilimia 2 ya unene wake au zaidi, kwa mita 5 hiyo ni sentimita 10. Ukiwa na dreni zenye kazi kinapungua kwa sababu presha haikufika juu, na ukishindilia mapema kinapungua zaidi maana kushuka kwingi kunatokea wakati wa ujenzi, sakafu haijamwagwa. Ila paili itabaki juu na udongo utashuka pembeni yake ukiivuta chini, na hiyo nguvu ya kuvuta iwe kwenye hesabu ya paili. Mabomba ya maji yanayoingia jengoni yawekewe maungio yanayolegea, la sivyo yatakatwa pale pale ukutani.

Mstaafu_Area_C

Sasa tabaka la silti tulifanyeje, maana tusimwache binti njiani. Mimi ningesema hivi. Dreni na ushindiliaji vikinge mita 2 mpaka 7. Kutoka 7.5 mpaka 9 chukulia udongo haupo, paili ibuniwe kusimama bila msaada pale, mita moja na nusu tu sio ndefu, milimita 400 inaweza kabisa ikiwa imeshikwa vizuri juu na chini. Tofauti na mita saba, umeona? Hapo ndo dreni inalipa, inafupisha urefu wa paili ulio uchi. Kisha nondo, hapa namrudia mkandarasi maana alikuwa na hoja, nondo zisikatwe nusu ya paili kama tulivyozoea kubana matumizi. Zishuke mpaka ndani ya changarawe ya granaiti, na ringi zikazwe karibu karibu kwenye mipaka ya matabaka, pale mita 7 na pale mita 9, maana Niigata ilionyesha paili inakatikia mpakani.

Na ukingo wa korongo upimwe. Jengo likingwe chini lakini ardhi kati yake na korongo ikibaki legevu, itateleza na kuvuta. Safu mbili tatu za dreni zilizoshindiliwa upande wa korongo, nje ya jengo, zitafanya kazi kubwa kuliko safu hizo hizo upande wa barabarani. Kama hela haitoshi, toeni za barabarani mpeleke kule.

BintiWaSaiti

Mzee shikamoo na ahsante, Maabara, Mkandarasi, kijana wa Bahi, wote Mungu awabariki. Nimeandika kila kitu. Naona hata wenye mradi nikiwaambia hili la kuhamisha safu kwenda korongoni watalielewa haraka maana wenyewe wanalijua hilo korongo.

Kitu kimoja cha mwisho. Hesabu ya Maabara imesimama kwenye ile 0.1 na 0.001, na kwenye ripoti yetu hakuna kipimo cha kupitisha maji, wamekadiria kwa ukubwa wa punje tu. Nidai kipimo au makadirio yanatosha kwa jengo kama hili?

Maabara_ya_Udongo

Dai kipimo. Kila kitu tulichoongea hapa kimesimama juu ya hiyo namba, ikikosewa mara kumi, muda nao umekosewa mara kumi. Wakirudi saiti waweke bomba mbili za kupimia, moja ichujie mita 4 mpaka 6 na nyingine mita 8, wamwage maji wapime yanavyoshuka, ni kazi ya siku moja. Bomba hizo zisitolewe. Zibaki hapo muwe mnasoma kina cha maji kila mwezi mpaka masika ijayo, kwa sababu ile mita 2.5 ni ya mwezi wa tatu wa mwaka mmoja, na kwa anavyosema kijana wa Bahi kuna miaka maji yanakuja juu zaidi. Konsalta apige hesabu kwa kina cha juu kabisa, sio cha siku waliyochimba. Na kikao kikiisha rudi hapa utuambie walisemaje kuhusu mtaro wa kutokea.